Kupanda Table Mountain kwa miguu kupitia Skeleton Gorge: kutoka msitu wa Kirstenbosch hadi Maclear's Beacon

Wageni wengi wanaofika Cape Town hufika juu ya Table Mountain kwa gari la kebo. Ni dakika tano tu, wanapiga picha, wanashuka. Lakini mlima huo una upande wa mashariki ambao picha nyingi haziuonyeshi. Huko kuna msitu wa kweli, wenye kivuli kizito na maji yanayopita katikati ya njia. Ukiupanda kwa miguu kupitia korongo la Skeleton Gorge utafika Maclear's Beacon, sehemu ya juu kabisa ya mlima, takriban mita 1,086 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha kebo kiko chini kidogo ya hapo, mita 1,067, mwendo wa karibu saa moja kuelekea magharibi. Kwa maoni yangu hakuna njia nyingine ya mlima huu inayompa mtu mambo mengi hivi kwa siku moja: bustani, msitu, ngazi za mbao, kitanda cha kijito, uwanda wa mawe, na mwishoni bahari kaskazini na kusini.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye afya ya kawaida, aliyezoea kutembea, na asiyeona vibaya kushika mwamba kwa mikono pale miguu peke yake isipotosha. Huhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea. Unahitaji siku nzima na uamuzi mzuri.

Hatari ya njia hii ni kwamba iko karibu mno na mji. Unaanzia kwenye bustani ya mimea ya Kirstenbosch, yenye mgahawa na watoto wanaocheza kwenye nyasi, na muda si mrefu uko kwenye ngazi iliyolowa, chini ya mwamba, na ukungu unashuka. Kwa hiyo mambo mawili yaamuliwe ukiwa bado chini: siku ya kupanda, na njia ya kushukia. Nayaweka mbele ya mengine yote.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kutazama upepo

Majira ya Cape Town ni kinyume na yale tuliyoyazoea karibu na ikweta. Mvua hunyesha majira ya baridi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, na Desemba hadi Februari ni kiangazi kikavu chenye jua kali. Mtu akisikia hivyo atasema basi tupande Januari. Ngoja kwanza.

Kiangazi ndio msimu wa upepo wa kusini-mashariki. Upepo huo hutoka baharini ukiwa na unyevu, unapita juu ya ghuba ya False Bay, unakutana na mlima na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka wingu. Wingu hilo huvuka kilele na kumwagika upande wa pili, juu ya mji, na wenyeji huliita kitambaa cha meza. Aliyeko mjini hulitazama kutoka mbali, jua likimwakia, na hulifurahia. Wewe wa Skeleton Gorge uko upande ule unaopigwa na upepo, kwa hiyo uko ndani ya wingu hilo hilo, umelowa, na huoni zaidi ya hatua chache mbele.

Kwa hiyo usiamue kwa kuchungulia dirishani mjini. Angalia utabiri wa upepo wa kule juu, si wa uwanja wa ndege. Upepo wa kusini-mashariki ukitabiriwa kuvuma kwa nguvu, kilomita 40 kwa saa au zaidi, ahirisha. Hata ukifika, hutaona kitu, na kwenye uwanda wa juu utakuwa unapambana kusimama.

Majira ya baridi shida ni nyingine. Mvua huja na upepo wa kaskazini-magharibi, na ikishanyesha korongo lenyewe linakuwa mto. Mvua ikikatika asubuhi usipande mchana wake. Subiri siku mbili maji yapungue na mawe yakauke.

Mimi napenda Machi na Aprili. Upepo umeanza kutulia, mvua za baridi hazijaanza, na siku bado ni ndefu. Septemba hadi Novemba pia ni wakati mzuri, maua ya uwanda wa juu yakiwa katika ubora wake. Kuna sababu moja ya kuchagua Januari au Februari siku tulivu ikipatikana: okidi nyekundu iitwayo disa, Disa uniflora, huchanua wakati huo kwenye kuta zinazochuruzika maji. Huchavushwa na kipepeo mmoja mkubwa wa kahawia, Aeropetes tulbaghia, ambaye huvutwa na rangi nyekundu kiasi kwamba huweza kufuata hata kofia nyekundu ya mpanda mlima.

Na baridi je? Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chini kukiwa na nyuzi 22, juu tarajia 15 au 16, kabla upepo haujaongeza la kwake.

Hatua ya pili: amua utashukia wapi

Watu hupanga kupanda, wakidhani kushuka kutajipanga. Hapa fanya kinyume. Njia za kushuka ni hizi, na nitasema wazi naionaje kila moja.

Kushuka kwa Skeleton Gorge ile ile uliyopandia: sikushauri, na siku ya unyevu nasema usifanye kabisa. Ngazi na mawe ya kijito ambayo ulipanda ukiyatazama usoni, sasa unayapa mgongo. Magoti yamechoka, miguu inatetemeka, na bado kuna watu wanaopanda mnaopaswa kupishana nao mahali pembamba.

Nursery Ravine: hii ni korongo jirani, upande wa kusini, nayo hurudi Kirstenbosch. Ina mteremko mkali na ngazi nyingi za mawe na magogo, lakini haina zile ngazi za kuegemeza wala kitanda cha kijito cha kushuka kwa mikono. Kwa mtu aliyeacha gari bustanini, hii ndiyo njia yangu ya kawaida.

Barabara ya huduma hadi Constantia Nek: ni ndefu, lakini mteremko wake ni wa taratibu, na sehemu kubwa ni barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yanayohudumia mabwawa ya maji ya juu mlimani. Mwenye magoti mabovu achague hii bila aibu. Hakikisha una usafiri wa kukuchukua kule, maana utatokea mbali na bustani.

Platteklip Gorge: hushuka upande wa mji. Ndiyo njia ambayo Mreno António de Saldanha aliipanda mwaka 1503, upandaji wa kwanza wa mlima huu ulioandikwa. Ni ngazi za mawe mfululizo, haina kivuli, na alasiri ya kiangazi joto lake ni kali. Itumie ukiwa umefika kituo cha kebo na kukuta kimefungwa.

Gari la kebo lenyewe: limekuwapo tangu Oktoba 1929, na baada ya kupanda kwa miguu ni raha kubwa. Lakini upepo ukizidi husimamishwa papo hapo, na kila mwaka, majira ya baridi, hufungwa kwa siku kadhaa kwa matengenezo. Lifanye kuwa chaguo, lisiwe tegemeo lako pekee. Asubuhi ya safari angalia kama linafanya kazi, na hata likifanya, beba maji na nguvu za kukushusha kwa miguu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutafuta njia ya mkato kwa kufuata korongo lolote linaloonekana kuteremka kuelekea mji. Makorongo mengi ya mlima huu huanza kwa upole na kuishia kwenye genge. Ukishuka mita 200 na kukuta genge, kurudi juu ni kugumu na kuendelea hakuwezekani. Kama njia haina kibao wala dalili ya kukanyagwa, si njia.

Hatua ya tatu: maandalizi ya usiku wa kabla

Nenda na watu, wanne au zaidi kama inawezekana. Sababu ni mbili. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanafuata msaada. La pili ni kwamba uporaji hutokea kwenye njia za mlima huu, na kundi huviziwa mara chache kuliko mtu peke yake. Vito na saa za bei viache chumbani. Ukiwa peke yako, tafuta mwongoza watalii mwenye leseni au ungana na kundi la wapanda milima. Mountain Club of South Africa ipo tangu 1891 na ina matawi yenye safari za mara kwa mara.

Maji: lita mbili kwa kila mtu, tatu kama ni kiangazi. Utapita kwenye vijito vyenye maji ya rangi ya chai. Rangi hiyo si uchafu, hutokana na majani ya vichaka vya asili vya eneo hilo, fynbos. Hata hivyo mimi hubeba maji yangu, maana njia hii hupitwa na watu wengi.

Viatu viwe na soli yenye meno ambayo hayajalika. Hili lina uzito kuliko kimo cha kiatu au bei yake. Raba za kukimbilia zilizochakaa chini zitakuangusha kwenye mwamba wenye ukungu wa kijani.

Vingine ni vichache: koti jepesi linalozuia mvua na upepo (hata kama anga ni buluu), fulana ya kubadilisha, kofia, mafuta ya jua, chakula cha mchana, filimbi, tochi ya kichwani, pawabenki. Pakua ramani kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao, maana ndani ya korongo mtandao hukatika. Hifadhi namba ya uokoaji wa milimani ya eneo hilo, 021 937 0300, na kumbuka kuwa 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi Afrika Kusini. Kisha mwandikie mtu mmoja aliyebaki chini: tunapandia wapi, tunashukia wapi, na asipotusikia kufikia saa ngapi apige simu. Saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo kama mtu huyo yuko Nairobi au Dar es Salaam, mwandikie saa za huko uliko na umwambie hivyo.

Hatua ya nne: anza mapema, bustanini

Kirstenbosch hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kuingia ni kwa tiketi. Kuwa langoni wakati huo. Upande huu wa mlima hutazama mashariki, kwa hiyo hupata jua la asubuhi na hupoteza jua mapema alasiri. Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na msituni giza hutangulia.

Kwa muda, hesabu hivi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapa kuna karibu kilomita 5 na mpando wa karibu mita 1,000, kwa hiyo jibu ni saa mbili na dakika arobaini hivi bila kupumzika. Ongeza mapumziko, picha na foleni kwenye ngazi, utapata saa tatu na nusu. Kushuka nako kuna saa mbili hadi tatu. Ukiondoka saa mbili asubuhi, alasiri uko chini bila kukimbizana na jua.

Bustani ilianzishwa mwaka 1913 na ina mimea ya Afrika Kusini tu. Ndani yake kuna mabaki ya uzio wa mlozi-mwitu uliopandwa mwaka 1660 na walowezi wa Kiholanzi ili kutenga makazi yao na wafugaji wa Kikhoi waliokuwa wenye ardhi. Kuvitazama hivi kunafaa zaidi wakati wa kurudi. Asubuhi pandisha moja kwa moja ukifuata vibao vya Skeleton Gorge na Smuts Track. Ni njia ile ile.

Jina la pili ni la Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini kati ya 1919 na 1924, na tena 1939 hadi 1948, aliyekuwa akipanda hapa mara kwa mara hadi uzeeni. Afrika Mashariki tunamfahamu kwa jingine: mwaka 1916 ndiye jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza kuvuka kutoka Taveta kwenda Moshi dhidi ya Wajerumani, katika vita vilivyoangamiza makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika. Aliipenda mimea na milima kwa dhati, na alisimamia ubaguzi wa rangi. Nadhani msomaji wa Kiswahili anayekanyaga njia yenye jina lake anastahili kuyajua yote.

Hatua ya tano: msituni, pole pole

Juu ya bustani utakutana na njia ya mlalo inayozunguka mlima, iitwayo Contour Path. Ivuke, ufuate kibao kinachokupeleka juu. Kuanzia hapo mzaha umekwisha: ngazi za magogo na mawe, moja baada ya nyingine, chini ya miti.

Angalia miti hiyo. Mmoja wapo ni mpodo, Podocarpus latifolius, jamaa wa mipodo tunayoiona kwenye misitu ya milima ya Kenya na Tanzania. Msitu wa mvua wa milimani uliotapakaa vipande vipande kutoka Ethiopia hadi Rasi, yaani eneo hili la Cape, unaishia karibu kabisa na hapa, ndani ya makorongo kama haya ambako moto hauingii kirahisi na maji hayakauki. Nje ya korongo, hatua chache tu, ni vichaka vifupi vya fynbos. Mpaka kati ya hivyo viwili utauona kwa macho yako utakapotoka juu.

Mwendo wako uwe ule ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Waongozaji wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" kwa sababu ya hewa nyepesi. Hapa hewa si tatizo, lakini miguu ni ile ile: ukiichosha kwenye nusu saa ya kwanza, utafika kwenye ngazi za mbao ikiwa inatetemeka, na hapo ndipo unapoihitaji itulie. Hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima, na usiruke ngazi. Kundi litembee kwa mwendo wa aliye taratibu zaidi, na yeye akae mbele, asiachwe nyuma akihangaika peke yake.

Kunywa maji kidogo kidogo tangu mapema. Kivuli hudanganya, unatoka jasho usilolihisi.

Hatua ya sita: ngazi, mwamba na kijito

Korongo likibana, njia ya udongo inakwisha na utakuta ngazi za mbao zilizofungwa kwenye mwamba. Watu wengi huziogopa kwa kuziona kwenye picha. Ukizipanda kwa utaratibu hazina shida.

Kabla ya kugusa ngazi ya kwanza, kunja fimbo za kutembelea na uzifunge kwenye begi. Kaza mikanda ya begi lisiyumbe. Apande mmoja kwa wakati mmoja, wengine wasubiri pembeni, si chini yake, kwa sababu ya mawe yanayoweza kudondoka. Itazame ngazi uso kwa uso, na kila wakati viungo vitatu viwe vimeshika au kukanyaga: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kanyaga karibu na ukingo wa kipandio cha ngazi, pale kilipofungwa, kuliko katikati. Kama kuna mtoto au mwenye woga, mwenye uzoefu atangulie kumpokea juu.

Baada ya ngazi njia inaingia kwenye kitanda cha kijito chenyewe na kwa muda unapanda juu ya mawe makubwa, mikono ikisaidia. Hapa chagua jiwe kwa rangi na mng'ao. Lililopauka na lenye mikwaruzo limekanyagwa na wengi na ni kavu. Jeusi linalong'aa lina utelezi, hata likionekana tambarare. Jaribu jiwe kwa uzito kidogo kabla ya kulipa uzito wote. Na kama maji ni mengi kiasi kwamba njia haionekani, au umefika chini ya ngazi ukaona maji yanamwagika juu yake, geuka hapo hapo. Hadi hapo kurudi ni rahisi, ukishapita juu si rahisi tena.

Kuna sababu nyingine ya kukaa kwenye mawe yaliyokwisha kukanyagwa. Katika vijito vya mlima huu, na si mahali pengine popote duniani, anaishi chura mdogo wa kijani mwenye madoa ya zambarau, Heleophryne rosei. Viluwiluwi wake wana midomo ya kunyonya ambayo huwawezesha kung'ang'ania mawe maji yakienda kasi, na hukaa kwenye maji zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuwa chura kamili. Kijito kikikauka au kikichafuliwa, kizazi kizima kimekwenda. Amewekwa kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa hiyo usioge wala kunawa kwa sabuni, usitupe maganda majini, usigeuze mawe, na ukitaka kwenda haja ondoka mbali na maji. Nasisitiza hili kuliko mengine yote ya mwongozo huu, kwa sababu goti litapona, chura huyu akitoweka harudi.

Hatua ya saba: juu ya korongo, amua upya

Ghafla miti inaisha na uko kwenye mchanga mweupe chini ya anga wazi. Umepanda sehemu kubwa na ngumu zaidi. Kaa, kula kitu, badilisha fulana iliyolowa jasho kabla upepo haujakupata.

Hapa kuna njia panda yenye vibao. Kulia ni Smuts Track kwenda Maclear's Beacon. Kushoto unaelekea bwawa la Hely-Hutchinson na kichwa cha Nursery Ravine. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1904, na jirani yake, Woodhead, mwaka 1897. Yalijengwa kwa mawe yaliyochongwa, ili kuupa maji mji uliokuwa ukikua, na maji yakipungua hubakiza ufuo wa mchanga mweupe ambao haufanani kabisa na mlima.

Jiulize maswali matatu. Je, saa sita mchana imeshapita? Je, wingu limeanza kushika kilele? Je, kuna mtu kwenye kundi ambaye amechoka kuliko anavyokubali? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, nendeni bwawani, mpumzike, mshuke kwa Nursery Ravine. Hiyo pekee ni safari nzuri na haina upungufu wowote.

Hatua ya nane: Maclear's Beacon

Sehemu hii haina kivuli. Njia hupanda kwa kupindapinda kati ya miamba ya mchanga na vichaka, karibu saa moja au zaidi kidogo. Vaa kofia. Angalia unapoweka mikono, nyoka aina ya kifutu hupenda kuota jua kwenye njia na mawe yenye joto. Ukimkuta mpe nafasi, asipokanyagwa hana haja na wewe.

Beacon yenyewe ni rundo kubwa la mawe lililopangwa. Asili yake ni kazi ya kupima umbo la dunia. Mwaka 1752 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima hapa Rasi sehemu ya mstari wa kaskazini-kusini, na hesabu zake zikaonyesha kana kwamba dunia ya kusini ina umbo tofauti na ya kaskazini. Karne iliyofuata mwanafalaki Thomas Maclear alipima upya, na ikabainika kuwa mvuto wa milima yenyewe ulikuwa umeipotosha timazi ya Lacaille. Huyo Lacaille ndiye pia aliyeliita kundi moja la nyota za kusini Mensa, kwa heshima ya mlima huu.

Sasa tazama. Kusini-mashariki ni False Bay, na ng'ambo yake safu ya milima ya Hottentots Holland. Kati yako na milima hiyo ni tambarare ya Cape Flats, ambako wakati wa ubaguzi serikali iliwahamishia kwa nguvu maelfu ya watu waliofukuzwa mjini. Kaskazini ni Table Bay, na ndani yake Robben Island. Kwa kimo hiki upeo wa bahari uko karibu kilomita 118 kutoka ulipo, siku ikiwa safi. Usisogelee ukingo kwa ajili ya picha. Upepo wa hapa huja kwa mapigo.

Ukungu ukikufunika ukiwa juu, usitangetange. Alama za nyayo za manjano zilizopakwa kwenye mawe zinaonyesha njia kati ya Beacon na kituo cha kebo. Fuata alama moja baada ya nyingine, mmoja akisimama kwenye alama ya mwisho hadi mwenzake aione inayofuata. Mkizipoteza kabisa, vaeni kila mlichobeba, kaeni pamoja, pigeni simu, na pulizeni filimbi mara sita kwa dakika, mpumzike dakika moja, mrudie. Magenge yapo pande zote, na anayetulia huokolewa.

Hatua ya tisa: kushuka

Kama unarudi Kirstenbosch, shuka Smuts Track hadi ile njia panda, pita upande wa bwawa, na ufuate vibao vya Nursery Ravine. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Sasa toa zile fimbo, zitapunguza mzigo wa magoti. Simama kila baada ya dakika ishirini hata kama hujachoka, kwa sababu misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki wakati wote wa kushuka, na ikichoka mguu hukunja bila kukutaarifu. Kesho yake itauma. Hiyo ni kawaida, na huisha siku mbili tatu.

Usiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara popote. Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko jirani ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger, pamoja na sehemu ya hazina yake ya vitabu kuhusu Afrika.

Ukifika Contour Path, vibao vitakurudisha bustanini. Inafungwa saa kumi na mbili jioni kati ya Aprili na Agosti, na saa moja usiku miezi mingine. Mara mtandao ukirudi, mtumie ujumbe yule mtu uliyemwachia mpango wa safari kabla hata hujavua viatu, asije akaita waokoaji bure.